Historia ya Hobart Stidham, Mwana wa Dovie Stidham Aliye Hai

Ndugu, jamaa, majirani wa Laurel Fork, na ninyi wageni mliosafiri kutoka Nashville, mimi ni Orlena Gayheart, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa tarehe na kwa mahali, mkijua kwamba yapo maelezo mengine yaliyochapishwa kwenye majalada ya santuri na magazetini, na kwamba haya yangu yanatofautiana na hayo katika jambo moja, ambalo mama yetu, aliyekaa mstari wa mbele, ameomba lisemwe leo mbele ya watu.

Hobart alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, hapa Laurel Fork, kaunti ya Knott, jimbo la Kentucky, katika nyumba ileile ambamo amefia, akiwa mtoto wa kwanza wa Cloyd Stidham, mchimba makaa, na Dovie Stidham, ambaye siku hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na minane na mwezi mmoja, nami nikamfuata mwaka 1955, hatukuwa na ndugu mwingine.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa pale kwenye kivuko cha kijito, kuanzia mwaka 1952 hadi darasa la nane, kisha akaingia sekondari mjini Hindman, akasoma miaka mitatu tu, kwa sababu tarehe 6 Novemba 1963 dari la mgodi lilimwangukia baba akafa, na Hobart akaacha shule wiki iliyofuata akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na kila mshahara aliukabidhi kwa mama, jambo ambalo ni haki yake lisemwe, kwa sababu alikuwa kijana mwema na hakuna aliyemlazimisha.

Kuimba alifundishwa na mama, si na mtu mwingine, ingawa magazeti yameandika kwamba alijifunza kwa redio, maana mama ndiye aliyekuwa akiimba jikoni mstari mmoja na sisi tukiurudia, kama waimbavyo kanisani kwetu, na gitaa lake la kwanza mama alilipata kwa kumshonea jirani nguo majira yote ya baridi ya mwaka 1958.

Mwaka 1965 alikwenda Dayton, Ohio, kama walivyokwenda vijana wengi wa milima hii, akafanya kazi katika kiwanda cha majokofu, na Jumamosi akaimba kwenye baa ambazo watu wa kwetu walikuwa wakienda kulia kwa hamu ya nyumbani, huko ndiko alikomwoa Charlene Pruitt tarehe 20 Juni 1970, wakajaliwa watoto wawili, Randall mwaka 1971 na Sherri mwaka 1974, ambao wote wapo hapa, na ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1981 bila ugomvi wa kusimulia.

Alihamia Nashville mapema mwaka 1971, akarekodi nyimbo mbili ambazo hazikusikika hata kwenye redio ya hapa kwetu, kisha mwezi Februari 1972 akapewa wimbo ulioandikwa na mtu mwingine, mwenye mama aliyekufa kweli, wimbo uitwao "Mama Haniiti Tena", akauimba mara mbili tu studioni, na hiyo ya pili ndiyo mliyoisikia maisha yenu yote, nami niliyekua naye nasema sijapata kusikia mtu akiimba vile, hata leo ukianza nalazimika kukaa.

Ulipoanza kupigwa redioni mwezi Aprili, mama alikuwa akipanda viazi, na siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka Hazard, Bi Eula, waliyesoma naye utotoni wakapoteana, amebeba paja zima la nguruwe lililookwa na bakuli la maharage, akabisha hodi, mama mwenyewe akamfungulia, naye bila kuinua macho akasema, "Nimeleta chakula cha msiba, nimesikia Dovie ametutoka." Mama akamwambia, "Dovie ndiye mimi, ingia ndani, nyama hiyo isije ikaharibika," wakala pamoja mpaka jioni, na mama alicheka sana, akampigia Hobart simu kutoka dukani kumwambia kwamba amekula chakula cha msiba wake mwenyewe na kilikosa chumvi, Hobart naye akacheka, akamwambia, "Mama, ni wimbo tu, hawamsemi mtu," na mama akaridhika, kwa sababu nyimbo zetu zote zina mtu aliyekufa.

Lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko kampuni iliyourekodi ilivyotegemea, wakataka kutoa santuri nzima, na mtayarishaji wake, ambaye naye ni marehemu, alimwambia Hobart, kama Hobart mwenyewe alivyonisimulia baadaye, "Hobie, nani atakulilia na wewe mama yako bado anakufulia soksi?" Basi tarehe 8 Oktoba 1972 Hobart alikuja nyumbani na mpiga picha, akasema wanataka picha ya kaburi la baba kwa ajili ya kumbukumbu, mama akafurahi, akaingia bustanini akakata maua yake yote yaliyokuwa yamebaki kabla ya jalidi, akamfungia kwa uzi, akamwambia amwekee baba.

Kwa ajili ya wageni niseme kwamba huku kwetu mume akifa jiwe la kaburi huwekwa moja la watu wawili, upande mmoja jina la mume na tarehe zake zote mbili, upande wa pili jina la mke na tarehe ya kuzaliwa tu, na nafasi ya tarehe ya kufa huachwa wazi mpaka siku yake ifike, wala hakuna mke anayeona ubaya, mama yetu kila mwaka mwezi Mei, siku ya kusafisha makaburi, huliosha jina lake mwenyewe kwa brashi na sabuni kisha anashuka kwenda kupika.

Hobart alipiga magoti mbele ya upande wa mama, akayaweka yale maua juu ya nafasi iliyo wazi, akapigwa picha, na mimi nikiwa na miaka kumi na saba niliiona mwezi Desemba kwenye jalada la santuri, katika rafu ya duka la dawa mjini Hindman, kaka yangu ameinamisha kichwa, jina la mama yangu linasomeka, maua ya mama yangu yameziba pasipoandikwa kitu, na nyuma ya jalada imeandikwa kwamba mama wa mwimbaji alifariki mwaka 1961. Niliificha chini ya koti nikampelekea mama, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimeilipia, nikasema hapana, akaniambia niirudishe, na toka siku hiyo hakucheka tena kuhusu jambo lile.

Kuanzia mwaka 1973 hadi 2004 marehemu alirekodi santuri kumi na moja, aliimba katika majimbo arobaini na mawili na ng'ambo mara tatu, alitunukiwa nishani ambazo Randall ameziweka pale mezani, na katika kila jukwaa alisimulia jinsi alivyompoteza mama, akaongeza kila mwaka kidogo, mara homa, mara theluji, mara maneno ya mwisho, Randall na Sherri walikatazwa kutaja shuleni kwamba wana bibi, na yeye mwenyewe alikuja nyumbani kwa kificho, gari nyuma ya nyumba, na siku ya kusafisha makaburi hakuja kabisa, asije akakutana na mashabiki.

Kwa maana walikuwa wakija, na mwezi Mei 1978 mama alimkuta mwanamke wa Indiana analia juu ya jiwe, akampa leso, akamuuliza, "Unamlilia nani, binti?" Yule akasema, "Mama yake Hobie Stidham. Ulimfahamu?" Mama akajibu, "Kidogo. Alikuwa mkali," akaendelea kung'oa magugu, na aliponisimulia nilimuuliza kwa nini hakusema, akaniambia, "Nani angeniamini, Orlena, mimi na jembe, na kule kuna jalada lenye picha?"

Mwezi Agosti 2015 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu katika hospitali moja mjini Lexington, akatibiwa miezi mitano, na tarehe 11 Januari 2016, akiwa hana mtu wa kumwangalia, alirudi Laurel Fork, mama akiwa na miaka themanini na saba akampa chumba chake cha chini na yeye akahamia kwenye kochi, akampikia, akamwosha, mimi nikija baada ya kazi ya jikoni pale shuleni nikakuta kila kitu kimeshafanywa.

Siku alipotimiza miaka sabini mama alimwomba jambo moja, na hajawahi kumwomba jingine, alimwambia, "Kabla hujafa, sema mbele ya watu kwamba mimi ni mama yako," Hobart akamshika mkono, akaahidi, akamtafuta mwenyewe mtangazaji wa redio kutoka Lexington, na siku ikapangwa kuwa tarehe 18 Agosti.

Siku hiyo mama alivaa gauni la buluu, akaoka keki ya matabaka ya matufaha yaliyokaushwa, ambayo huchukua siku mbili, akaketi karibu na kitanda, mahojiano yakaenda vizuri, Hobart akiwa na sauti ndogo lakini ya kueleweka, mpaka mtangazaji akageuka akauliza, "Na huyu mama ni nani?" Hobart akasema, "Shangazi Dovie. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki." Mama alikuwa ameshika birika la kahawa, akaja mpaka kwa yule kijana, akammiminia, akamuuliza, "Unatumia sukari?"

Mgeni alipoondoka mimi sikunyamaza, nilimwambia Hobart kwamba amemuua mama mara ya pili, na safari hii akiwa chumbani, akaniambia, "Orlena, nina masanduku ya barua, watu wamezika mama zao kwa wimbo ule, niwaambie nini?" Nikamwambia, "Waambie mama yako amekuchemshia maharage leo." Akasema, "Hujui uzito wake," nikamwambia, "Najua ni nani anayekubadilishia shuka," na mama akaingia na sahani, akasema, "Mwache ale kwanza," kisha tulipokuwa jikoni, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Huyu hatasema tena. Akifa utasoma wewe, nawe utasema."

Sisomi haya ili mumchukie, alikuwa kaka yangu, na jibu lake nimelitafakari sana wakati nikiosha vyombo, huenda kweli kuna watu huko ambao wimbo ule uliwashika mkono siku mbaya, sitaki kuwanyang'anya, lakini walikuwa wengi na mama alikuwa mmoja, na kila mwaka kwa miaka arobaini na minne Hobart aliwachagua wao.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 9 Septemba 2016, saa moja na nusu asubuhi, nyumbani, mama akiwa anamnyanyulia mto, na neno la mwisho aliloliita lilikuwa "Mama", ambalo mama amenikataza nisiliseme kana kwamba linalipa kitu, nami nalisema tu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Juzi kampuni ilituletea karatasi iliyochapwa vizuri, historia ya kusomwa hapa, yenye mama aliyefariki mwaka 1961, na binti mmoja mpole akanipigia simu akasema, "Bi Gayheart, mashabiki wameizoea hivyo," nikamwambia mama yangu naye amezoea kuwa hai, na ile karatasi imebaki mezani nyumbani chini ya sufuria. Wanamuziki waliokuja wataimba nyimbo nyingine za marehemu, nazo ni nzuri, lakini ule mmoja tumewaomba wauache leo, kwa sababu anayetajwa humo ameketi hapa na atausikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lexington, hasa muuguzi aliyepanda bonde hili kila Jumanne na Ijumaa hata barabara ilipokuwa na tope, majirani waliochimba kaburi kwa mikono yao tangu jana, akina mama wa kanisa kwa chakula, wafanyakazi wenzangu wa jikoni walioshika zamu zangu, na wanamuziki wenzake waliosafiri saa sita na magitaa mapajani.

Tukimaliza mtapita mbele kutoa pole, kama ilivyo desturi, nami nawaomba msianze na mimi wala watoto, anzeni na yule mwanamke mwenye gauni la buluu, jina lake ni Dovie Stidham, alizaliwa tarehe 2 Februari 1928, na leo anamzika mtoto wake, mshikeni mkono na mwiteni mama wa marehemu, kwa sauti, asikie kila mmoja wenu.

Hobart, uliloahidi nimelisema mimi, sasa pumzika.