Kinga Isiyojua Kunyamaza

Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja ni tofali, na kila jioni hukaliwa na watatu wale wale: Kinyozi mwenyewe, fundi redio wanayemwita Antena kwa urefu wake, na Dobi wa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo Dobi alikuja na karatasi ya hospitali ya binti yake, anayesumbuliwa na vidonda vya mdomoni na homa za kwenda na kurudi. Mwaka jana Dobi asingejua hata juu ya karatasi ni wapi. Sasa, baada ya miezi kumi ya darasa la watu wazima, alikuwa ameisoma mara nne kwa kidole, kifua mbele. Katikati ya vikombe vya kahawa ilisimama chupa ya dawa ya kuongeza kinga, aliyoileta Kinyozi.

— Mpe vijiko viwili asubuhi na jioni, Kinyozi akasema. Kinga ya mtoto imelala. Iamshe!

— Haijalala, ndugu yangu. Dobi akaweka kidole kwenye mstari. "Seli za kinga... zikipata habari ya adui... hubandika protini ndogo juu ya protini nyingine." Umesikia? Kama mimi ninavyofunga vitambaa kwenye kola.

— Vya nini?

— Cha bluu, piga pasi. Chekundu, kata matambara. Na seli hivyo hivyo: alama za namna moja zinasema peleka habari mbele, za namna nyingine zinasema hii ikavunjwevunjwe.

Antena akapuliza kahawa yake.

— Basi ni redio hiyo. Kitufe cha sauti kimenasa.

— Redio gani! Kinyozi akadakia. Huo ni mkutano. Protini kabandikwa beji, kajiona mwenyekiti, hashuki.

— Si wapige kura?

— Walishapiga, akaiba! Ndiyo homa yenyewe hiyo!

Wakacheka mpaka mteja aliyenyolewa nusu kichwa akachungulia mlangoni kuuliza kama amesahauliwa.

Dobi hakuachia mstari wake.

— Tulieni, bwana. "Zipo protini za kubandua alama, ili seli inyamaze." Binti yangu hizo anazo pungufu tangu kuzaliwa. Mnakumbuka shati la mwalimu? Nilisahau kutoa kitambaa cha bluu. Mke wangu akaona bluu, akapiga pasi. Dada yangu akaona bluu, akapiga. Mara ya tatu likaungua mgongo. Shati lilikuwa zima kabisa, jamani!

Antena akaitazama chupa.

— Kwa hiyo hii ya kuamsha...

— Ni pasi ya nne. Daktari atampa ya kuituliza kinga. Kaka, nakushukuru kwa moyo wako, ila rudi nayo.

Kinyozi akakuna kipara, akaitia chupa mfukoni.

— Miaka ishirini nanyoa watu, leo nimenyolewa na karatasi.

Ndipo binti akafika, anatoka kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba!

Babake akamsomea yote upya, hakuruka hata nukta. Binti alisikiliza amesimama, mkoba begani.

— Kumbe ugonjwa huu sikujiletea mwenyewe?

— Hata kidogo, mama.

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile, huku ameshika shavu kwa maumivu. Kisha akauliza:

— Sasa baba, hao wabanduaji, nani huwaambia kwamba imetosha?

Dobi akaigeuza karatasi, akakuta upande wa pili umejaa maandishi ambayo hata hakujua yapo, madogo kama ufuta. Akatabasamu, akasogea kumpa binti yake nafasi.

— Kaa hapa, akasema, kidole kikitafuta mstari wa kwanza. Tusome.