Bi Kufuli na Mdogo Wake Asiyeshiba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Bi Kufuli, mtafiti wa dawa, aliyetutoka wiki iliyopita. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, na mwenyewe alilipenda.

Bi Kufuli alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye hakuwahi kushiba. Narudia: hakuwahi kushiba. Akimaliza sahani yake anaikodolea ya mwenzake, akifukuzwa mezani anaiandama sufuria. Majirani wakamwita Mlafi. Mama, maskini, akatia kufuli kabati la jikoni, na ufunguo akamkabidhi dada mtu.

Lakini mama alipenda vya bei rahisi. Kufuli zote za nyumba alizinunua kwa muuzaji mmoja, na ufunguo wowote ulizifungua zote. Siku moja mdogo mtu alitumwa na ufunguo wa banda akafungie kuku. Akaujaribu kwenye kabati. Mkate ukaisha, kuku wakalala nje, na aliyegombezwa ni dada.

Basi alipokuwa mtafiti, Bi Kufuli aliwaambia wenzake kwamba ubongoni kuna vipokezi vinavyopima chakula kinachoingia na nguvu inayotumika, na kimoja cha mdogo wake kimekwama. Akaanza kuunda peptidi, yaani mnyororo mfupi wa vijenzi vya protini, iwe ufunguo wake. Tatizo ni kwamba kipokezi hicho kina ndugu zake, na wanafanana mno. Dawa ya kwanza ikawafungua wote. Panya walipunguza kula, sawa, lakini walishinda wakipiga miayo na kujiremba kama maharusi. Mkuu wa maabara akauliza kama wanatafuta dawa au wanafungua saluni.

"Tumenunua kwa muuzaji wa mama," Bi Kufuli akajibu, wala hakucheka.

Akabadili kijenzi kimoja, akajaribu, akatupa. Akaukunja mnyororo, akajaribu, akatupa. Mvi zikamkuta palepale mezani. Hatimaye ikapatikana dawa iliyofungua mlango mmoja tu. Mmoja tu, wasikilizaji.

Mdogo wake akajitolea kwenye majaribio yaliyosimamiwa na madaktari wengine. Jumapili moja, nyumbani kwa dada, akasogeza sahani pembeni ikiwa na chakula. Mama akamshika paji la uso, akidhani ana homa.

"Nimeshiba," akasema. Akalirudia neno hilo polepole, kama anayejaribu viatu vipya. Dada akakimbilia jikoni kulia, akasingizia vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Msibani, mdogo mtu aliletewa chakula, hakukigusa. Shangazi akamnong'oneza kwamba kweli dawa ya dada yake ni kiboko. Akatikisa kichwa.

"Hii si dawa, shangazi. Leo ningeipokea njaa yangu yote ya zamani, mradi yeye ndiye ashike ufunguo."

Tunawapa pole mama, mdogo wake, na wenzake wote wa maabara. Nawe msikilizaji, ukimwona mtu anaongeza sahani ya tatu, uzuie ulimi kabla hujamwita mlafi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bi Kufuli alimjua. Alikua akimfungia kabati, na roho ikimuuma.