Bw. Mbarouk Akabidhi Ufunguo wa Stoo, Ajiandikisha Namba Kumi na Nne

Bw. Mbarouk Hafidh ametia saini. Mwenye duka, Bw. Chandrakant, alitangaza habari hiyo Jumatatu, tarehe 27 Machi 2006, mbele ya wafanyakazi wote saba, akiwa ameinua fomu ya idhini juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kwa saini hiyo ufunguo wa stoo ya risasi unahamia kwa Bi. Miradie, na Bw. Mbarouk anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Machi, baada ya miaka kumi na tisa kamili ya kazi.

Kwa wageni watakaokuwa nasi kwenye hafla ya kumuaga, duka letu liko chini ya matao ya reli hapa Kilburn, London. Mbele tunauza vifaa vya walenga shabaha: mikanda ya risasi, miwani ya kinga, vizibo vya masikio. Nyuma kuna karakana, na nyuma ya karakana kuna stoo yenye mlango wa chuma. Mara moja kwa mwezi tunaendesha mashindano ya bunduki tatu katika machimbo ya zamani ya chokaa huko Kent. Mshindani hukimbia kutoka kituo hadi kituo, hubadilisha bunduki, huangusha shabaha, na saa inamhesabia. Kila risasi inayopigwa siku hiyo hupita kwenye dirisha moja, mikononi mwa mtu mmoja. Tangu 1987 mtu huyo amekuwa Bw. Mbarouk.

Alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1941, akafika London mwaka 1966 na sanduku moja. Kwa miaka ishirini alifanya kazi ya kupanga barua. Tarehe mosi Aprili 1987 alikuja dukani kuitikia tangazo la kazi. Bw. Chandrakant, mzaliwa wa Kisumu na mkazi wa Stanmore, anasema mahojiano yalianza kwa Kiingereza na yakadumu hivyo dakika mbili. Alipomuuliza kama anazijua bunduki, alijibiwa, "Sizijui, bwana. Kuhesabu najua, na kunyamaza najua." Aliajiriwa kabla chai haijapoa. Tangu hapo Kiswahili ndiyo lugha ya kazi nyuma ya kaunta, na ndiyo sababu kipeperushi hiki kimeandikwa hivi. Wanachama wasiokijua wageuze ukurasa, Kiingereza kiko nyuma.

Bunduki alizijua baada ya muda mfupi. Katika mwaka wake wa pili aliweza kutambua kwa kidole ganda lililovimba, na kwa kutikisa sikioni risasi iliyopungua baruti. Wanachama waliojaza risasi zao wenyewe nyumbani walimletea kwa hofu, kama watoto wanaopeleka madaftari kwa mwalimu. Mmoja aliwahi kurudishiwa mia mbili kati ya mia mbili na hamsini. Alipolalamika, Bw. Mbarouk alimwambia kwa upole kwamba hizo hamsini pia amezipitisha kwa kumhurumia. Mwanachama akazichukua zote, akaenda kuzifungua upya.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mpigaji hajikagui. Risasi za kila mshindani lazima zipitie macho ya mtu mwingine aliyeidhinishwa kwa maandishi. Sheria hiyo ilimfunga yeye kuliko mtu yeyote. Mkaguzi wa klabu alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkagua, na kwa miaka kumi na tisa hakushiriki mashindano hata mara moja. Alifanya mazoezi Jumanne kwa Jumanne, akisimama na wanachama kwenye zulia la karakana na kujaza bunduki kwa risasi bubu, maganda matupu aliyoyajaza mchanga na kuyapaka rangi ya buluu. Aliweza kutia risasi nane kwenye shotgani bila kuutazama mkono wake, haraka kuliko mabingwa wetu wawili. Kisha Jumamosi ya mechi aliketi dirishani. Kila aliyemuuliza kwa nini hashindani alipata jibu lilelile: "Nani atanikagua? Wewe? Wewe juzi umesahau miwani nyumbani."

Sheria ya pili ilikuwa marufuku ya rangi ya manjano. Shotgani zetu zinatumia risasi namba 12. Risasi namba 20 ni nyembamba zaidi, na viwanda huzipa ganda la manjano ili zisichanganywe. Ikiingia kwenye shotgani ya namba 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji huvuta, hasikii kitu, hudhani hakujaza, huweka nyingine nyuma yake na kuvuta tena. Mtutu hupasuka mbele ya uso wake.

Hilo lilikaribia kutokea Oktoba 1991. Mgeni wetu, daktari wa meno, alikuwa amevaa koti ambalo wiki iliyotangulia mkewe alilivaa kuwindia, na mfuko alimotia risasi zake za akiba ulikuwa tayari na moja ya namba 20 ambayo hakuna aliyeiona. Mkanda ulipomwishia kwenye kituo cha nne alitia mkono mfukoni, akajaza, akavuta. Kimya. Akatia mkono tena. Bw. Mbarouk alikuwa hatua kumi nyuma yake, na mara ile ya kwanza ameona manjano ikimeta vidoleni. Kiingereza kilimtoka kichwani chote kwa pamoja. Alichopiga kelele ni "Wacha!"

Daktari hakujua neno hilo, ila aliijua sauti. Aliweka bunduki chini. Tulipochungulia mtutu, risasi ya manjano ilikuwa humo. Daktari alikaa kwenye jiwe robo saa, kisha akaomba uanachama.

Tangu siku hiyo amri ya kusimamisha mechi katika klabu yetu ni "Wacha!" Imeandikwa kwenye ubao wa maelekezo, na Waingereza wa Kent wanaitamka vizuri. Mwaka 2002 mwamuzi mmoja kutoka kaskazini alikataa kuitumia, akasema amri lazima iwe ya Kiingereza. Kabla ya saa sita mchana mbwa wa mkulima jirani aliingia uwanjani, na mwamuzi huyo ndiye aliyepaza sauti ya "Wacha!" kuliko wote. Bw. Mbarouk alimpelekea chai.

Marufuku ya manjano nayo ilikua. Mwanzoni ilihusu risasi tu. Baadaye ikaingia kwenye vitambaa vya kufutia meza, kalamu, vikombe, na ndizi. Bi. Sheikha, mkewe, alipofika dukani na bakuli la biriani mwaka 1994, alisimamishwa mlangoni mwa stoo akaelekezwa kaunta. Jibu lake bado linarudiwa: "Mbarouk, mimi si risasi. Nipishe nipite." Alipita, lakini wali wa manjano ulibaki kaunta.

Mwaka 1997 ulikuwa mgumu. Sheria mpya ya nchi ilipiga marufuku bastola, na bastola ilikuwa moja ya bunduki zetu tatu. Wanachama wengi waliziacha dukani ili zipelekwe polisi. Zilikuwa mia na arobaini na tatu. Bw. Mbarouk aliziorodhesha kwa mkono, namba kwa namba, na orodha ikakubaliwa mara ya kwanza bila swali. Wengine walidhani klabu imekwisha. Yeye na Bw. Chandrakant walikaa karakanani wiki mbili, wakabishana kwa sauti, wakatoka na mashindano mapya: shotgani, raifali ndogo ya risasi .22, na raifali ya kizamani ya kukoki kwa mkono. Mechi ya kwanza ya mtindo huo ilipata watu tisa. Sasa tuna orodha ya kusubiri.

Tatizo lililobaki lilikuwa mrithi. Mwaka 2002 Bw. Chandrakant alimwambia Bw. Mbarouk mbele ya wafanyakazi kwamba siku atakayoondoka bila kuidhinisha mtu, stoo itafungwa na mashindano yatakwisha. Hakuwa akitania. Alisema hawezi kulala usingizi kama dirisha lile lina mtu ambaye Mbarouk hamwamini. Watatu walijaribu kwa miaka miwili. Wa kwanza alikuwa mwepesi wa kuhesabu na mwepesi wa kuchoka. Wa pili alipiga gumzo na wateja. Wa tatu, Bw. Anselm, sasa ni fundi wetu wa karakana na hana kinyongo. "Mzee alinifukuza kwa adabu," anasema. "Alinishika bega akaniambia mikono yangu ni ya nyundo." Kila aliyekataliwa alimwacha Bw. Mbarouk mwenyewe bila wa kumkagua, na mlango wa mashindano ukabaki umefungwa. Alilijua hilo na aliendelea kukataa.

Wa nne alikuwa Bi. Miradie. Alitoka Uvira, Kongo, ambako baba huitwa papa, akaja kwetu mwaka 2001 kufanya usafi, na mwaka 2004 akaomba kujifunza stoo. Alipita kila mtihani. Mwaka ukapita, fomu haikusainiwa. Sababu aliyoitoa Bw. Mbarouk ilikuwa kwamba binti anaongea kwa sauti ya kanisani. Hajawahi kumsikia akimkatalia mtu mzima. "Siku atakayonikemea mimi," alisema, "nitatia saini siku hiyohiyo." Bi. Miradie alicheka akaendelea kufagia maganda.

Kinachofuata kimeandikwa hapa kwa amri ya Bw. Mbarouk. Tulitaka kukiacha. Alituambia tukikiacha hatakuja kwenye hafla, na biriani ataila peke yake.

Jumamosi, tarehe 11 Februari mwaka huu, palikuwa na baridi kali machimboni na Bw. Mbarouk alikuwa amevaa glavu. Msimu huu kiwanda kimebadilisha risasi zetu za namba 12 kutoka ganda jekundu hadi jeupe. Mwanachama alirudisha mfuko wa risasi zilizobaki, Bw. Mbarouk akazimwaga mezani, akazipanga ishirini na tano, akazisukuma dirishani kwa mpigaji aliyefuata. Bi. Miradie alikuwa pembeni yake na daftari. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mzee na kupiga kelele ambayo haijawahi kusikika kutoka kwake: "Wacha, papa! Iko ya manjano!"

Wapigaji ishirini na sita waliweka bunduki chini. Mechi ilisimama dakika kumi na moja. Risasi ya kumi na nane katika safu ilikuwa namba 20. Bw. Mbarouk alivua glavu, akaishika, akaisogeza karibu na jicho, kisha karibu zaidi. Alimuuliza Bi. Miradie ina rangi gani. Alipojibiwa alisema, "Mimi naiona nyeupe, mwanangu. Zote naziona nyeupe." Alichukua kitabu cha matukio na kuandika mwenyewe: Kosa ni langu. Aliyeliona ni Miradie. Halafu akamwachia kiti, na siku iliyobaki yeye ndiye aliyeshika daftari.

Daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji tarehe 8 Machi. Bw. Mbarouk anaripoti kwamba dunia ina manjano nyingi kuliko alivyokumbuka, na kwamba Bi. Sheikha ana kanga mbili ambazo miaka yote alidhani ni nyeupe. Bi. Sheikha anaripoti kwamba ni tatu.

Kuhusu fomu, Bi. Miradie alimkumbusha ahadi yake ya kusaini siku hiyohiyo. Bw. Mbarouk alimwambia saini ya mtu asiyeona rangi haina thamani, asubiri jicho lipone. Jicho likapona. Ijumaa tarehe 24 Machi alimwaga risasi mia tatu mezani akiwa ameficha saba za manjano humo, akampa Bi. Miradie dakika sita. Binti alitoa nane. Ya nane ilikuwa namba 12 yenye ufa mwembamba kwenye ganda, ambao mzee hakuuona kwa jicho lake jipya wala la zamani. Alisaini palepale, akaandika na saa.

Kumbukumbu za klabu zinaonyesha kwamba kwa miaka kumi na tisa, katika mechi mia mbili na sita, hakuna mtu aliyejeruhiwa kwa risasi iliyopita mikononi mwa Bw. Mbarouk. Tunamshukuru kwa hilo kwanza. Tunamshukuru pia kwa Jumanne za karakana, kwa chai yenye iliki, na kwa neno moja alilowafundisha Waingereza wa Kent. Zawadi ya wafanyakazi ni mkanda wa ngozi wa risasi ishirini na nne, kazi ya mkono wa Bw. Anselm. Umeshonwa kwa uzi wa manjano. Kibali cha maandishi kiliombwa, na kimetolewa.

Bw. Mbarouk, upumzike kwa afya na furaha, na macho yako yote mawili yakutumikie miaka mingi.

Hafla ni Ijumaa, tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni, dukani. Jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji tarehe 5 Aprili. Mashindano yanayofuata ni Jumamosi, tarehe 29 Aprili 2006, saa nne asubuhi, machimboni. Orodha ya washindani imebandikwa ukutani tangu jana, na namba kumi na nne ni Mbarouk Hafidh, mara ya kwanza kushiriki. Ameomba risasi sitini. Atapanga foleni dirishani kama watu wengine, na Bi. Miradie atamkagua.