Mzee Mabruki na Kanisa Ambalo Hajaliona

Tarehe 30 Juni 1974, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Mzee Mabruki Twalibu, mwashi mkuu wa karakana yetu hapa Tabora, anaweka mwiko chini.

Ni mzaliwa wa Kanyenye. Ufundi wa matao alifundishwa na bruda mmoja Mwitaliano aliyekuwa akijenga misheni. Bruda alipofariki alimwachia picha ya kanisa la mji wao kule Italia: matofali mekundu, matao saba, dirisha la mviringo juu ya mlango. Mzee Mabruki ni Mwislamu wa sala tano, lakini kanisa lile analijua tofali kwa tofali. Kila mchana wakati wa kula aliitoa picha akaitazama, nasi tukamtania kwamba ana mchumba Ulaya.

Mapenzi hayo yalimponza mara moja. Mwaka 1967, akijenga shule kule Ziba, aliuinamisha ukuta wa mbele vidole vinne kwa sababu kwenye picha umeinama. Mkaguzi akamwuliza timazi yake ya kupimia wima iko wapi. Aliubomoa mwenyewe, siku tatu.

Mwaka 1972 ilikuja nafasi moja ya mafunzo Italia, wiki sita, na jina lililoandikwa lilikuwa lake. Wakati huo, katika kijiji kipya cha ujamaa kule Puge, akina mama walikuwa wakijifungulia chini ya turubai, kuta za zahanati zimefika kiunoni na mvua zinakaribia. Alibaki kuzimaliza. Akataka niende mimi Masolwa, fundi wake wa pili, nikamwonee kanisa lake.

Nililiona. Ukuta umeinama kweli, maana ardhi ilititia zamani, na siku hizi wageni hupanga foleni kuupiga picha. Ndani nguzo hazilingani hata mbili, na mwanga wa dirisha lile hushuka mpaka sakafuni. Nilihesabu hatua kati ya nguzo na nguzo, nikachora matao yote.

Niliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ukiuwekea kiganja ukuta ule, ni wa baridi au una joto?"

Sikuwa nimeugusa. Alicheka, akaniagizia chai, lakini niliyaona macho yake, na mpaka leo naona haya.

Ahsante, Mzee Mabruki, kwa kila paa linalokaa juu ya kuta zako. Tunakuombea afya njema, na kiti cha ndege chenye jina lako, ambacho safari hii hutampa mtu.