Bi Kelele na Vyumba Vyake Vidogo vya Shambani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Kelele, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, binti wa tatu wa fundi rangi na mshona nguo. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya mdomo, ingawa mdomo alikuwa nao. Alipewa na shangazi yake, siku alipofungua chumba cha wasichana akakuta ukuta mmoja wa njano, mwingine wa buluu, na dari ya waridi, vyote vimepakwa kwa mabaki ya makopo ya baba. "Mtoto huyu kajaza kelele chumbani!" alisema shangazi, akaufunga mlango. Mtoto akaufungua tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ushonaji na mapambo ya nyumba, alikohitimu mwaka 1978. Mwalimu wake alimwambia ana mkono mzuri ila hasikii. Alikubali yote mawili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika hoteli kubwa mjini, kushona mapazia na kupanga vyumba. Alidumu hapo hadi meneja alipoamuru kila kitu kiwe cheupe.

"Mgeni anataka kupumzika," meneja alimweleza.

"Kupumzika au kulazwa?" aliuliza Bi Kelele.

Hawakuelewana. Alikunja futi yake, akaaga.

Hotelini humo ndimo alimokutana na seremala aliyekuja kuwa mumewe. Ugomvi wao wa kwanza ulihusu kabati. Seremala alitaka kulitia katika chumba kidogo. Yeye akasema kabati humo ni sawa na mtu wa tatu kitandani. Seremala alilirudisha karakana, akaja na droo za kusukuma chini ya kitanda, pamoja na swali ambalo halikuhusu samani. Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1987, wakahamia shambani kwa mumewe. Huko palikuwa na ghala la nafaka, banda la zana, na chumba cha mashine ya kusaga iliyokwisha kufa. Majirani waliwashauri wavibomoe. Wao wakavigeuza vyumba vya wageni wa mapumziko. Mume alichonga vitanda na viti vya dirishani. Mke alipaka kuta rangi ya chungwa na kijani kibichi, akashona mablanketi ya viraka na mito ya kuegemea. "Chumba kikiwa kidogo, usikiombee radhi," alikuwa akisema. "Kifanye kimkumbatie mtu." Wageni walikuja, wakarudi, wakaleta na ndugu zao.

Mumewe alifariki tarehe 2 Aprili 2011. Haukupita muda, kaka mkubwa wa mume alifika na ramani ya nyumba moja ya ghorofa, ya kujengwa mahali pa vyumba vile, rangi ya maziwa juu hadi chini.

"Shemeji, nani ataacha nyumba yake mjini aje kulala ghalani?"

"Wanaokuja kila wiki. Waulize."

"Rangi zenyewe zinachekesha!"

"Waache wacheke. Wako likizo."

Alipoambiwa kwamba mafundi wa kubomoa watafika Jumatatu, Bi Kelele alihamishia nguo zake ghalani. "Mkianza," alisema, "anzeni na hiki nilichomo." Jumatatu walifika kweli, shemeji akiwaongoza, na mvua ikafika nao. Wote wakakimbilia humo humo ghalani, Bi Kelele akawapa chai. Shemeji, aliyekuwa ameapa kwamba hatakaa, alikaa kwenye kiti cha dirishani, akaegemea mto, akapitiwa na usingizi mzito, mdomo wazi. Alipoamka mvua ilikuwa imekatika, na Bi Kelele alikuwa ameshawaaga mafundi kwa niaba yake. Shemeji hakusema amekosea. Aliomba tu aondoke na ule mto. Yupo nasi hapa leo, na yeye mwenyewe ametaka jambo hili lisomwe.

Mwaka 2022 Bi Kelele aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alifuata matibabu bila kukosa, lakini wodini alitundika kitambaa cha zambarau juu ya kitanda chake. Muuguzi akakishusha. Akakitundika tena. Wakaendelea hivyo mpaka muuguzi akauliza kinauzwa wapi. Nguvu zilipopungua alipaka rangi akiwa ameketi, brashi imefungwa kwenye ufito. Madaktari waliposema hawana la kuongeza, wanawe walitaka kumpeleka mjini, kwenye nyumba pana. Akawakazia macho. "Sikupanga chumba kizuri miaka yote hii ili nikafie kwenye kibaya." Wakampeleka katika chumba kilichokuwa banda la zana, na humo, asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, aliaga dunia akiwa amemshika mkono binti yake.

Ameacha binti, ambaye ni fundi umeme. Mtoto wa kiume, mwalimu. Wajukuu ambao hakuna aliyewahi kukatazwa kugusa brashi. Mdogo wake wa kike. Na shemeji yake. Wapo waliotuuliza pembeni kama sasa vyumba vile vitapakwa rangi ya kawaida. Tunawajibu hadharani: hapana. Wageni wa Ijumaa wanakuja, na chumba cha mashine kinasubiri kupakwa rangi nyekundu kwa mara ya pili.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi kesho tuna kazi.