Matusi ya Marehemu Babu

Hasira za marehemu babu zilikuwa zimeingia ukoo mzima. Ndivyo mshona nguo alivyomweleza nesi mstaafu aliyekaa naye kwenye treni. Fundi bomba, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliachana na usingizi akatega sikio.

"Mimi nilitaka tu kaka yangu aache kuwafokea wanawe," alisema mshona nguo. "Nikaenda kwa mtu anayebashiri kwa karata za taroti, akatoa karata ya mnara unaoanguka. Akasema tukusanyike, kila mtu ayataje matusi ya babu kwa sauti, kisha tuyaandike na kuyachoma."

"Yakaungua?"

"Hatukufika kwenye kiberiti, mama! Mjomba alianza na 'mbwa koko', huku anamtazama shemeji."

"Si angefumba macho, jamani?"

"Alifumba, baada ya kofi la shemeji. Ngumi zikafuata hadi jikoni."

Fundi bomba aling'ata kofia asicheke. Kwao walitukanana bure, bila karata.

"Na kaka yako, mwanangu?"

"Ameacha kufoka. Hasemi na mtu."

Treni ikasimama, mshona nguo akashuka. Tambiko lile lilimgharimu meno mawili ya mjomba, mlango wa jikoni, na kaka mmoja aliyezoea kuja kula kwake kila Jumapili.