Fundi Makochi, Mfanyakazi wa Karakana

Marehemu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wakati tukikaa nyumba ya pili kutoka ghala la reli. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, baada ya dada yetu mkubwa na mimi, na mvulana wa kwanza. Baba alifurahi hata akasahau kofia yake hospitalini.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kiti cha mwalimu mkuu kilipochanika alikishona kwa uzi wa viatu, kikadumu mpaka mwalimu akastaafu. Kuona vile, mjomba akamchukua na kumfundisha kushona makochi.

Alifunga ndoa Desemba 1986. Mkewe alileta kiti cha mama yake kitengenezwe, na kila akija anaambiwa, “Rudi kesho, dada.” Wifi yangu husema mafundi wote waongo, ila huyu uongo wake ulikuwa na mpango.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika karakana ya samani. Aliingia kwa kengele, akatoka kwa kengele. Mashine za bosi, ovaroli ya bosi, na kodi ilikatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Mwaka 2009 bosi aliwakusanya mafundi akawaambia, “Kuanzia leo nyinyi ni wakandarasi. Kila mtu na kodi yake.” Kesho yake kengele ililia saa ile ile.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2015, kwa vumbi la sponji. Siku moja alishindwa kuamka, akamtuma mdogo wetu wa mwisho, naye fundi makochi, akashike zamu. Alirudishwa getini: “Tunamtaka yeye, hatukukuita wewe.” Tulicheka siku ile. Hatukujua tunacheka nini.

Mwaka jana watu wa kodi walimdai kodi ya miaka yote hiyo pamoja na faini, na nyumba ikatajwa kuwa itauzwa asipolipa. Alikwenda ofisini kwao akikohoa, mdogo wake akimshika mkono. Afisa, binti mpole, akamuuliza, “Mzee, nani anakupangia saa ya kuingia?”

“Kengele.”

“Ukiumwa, unaweza kumtuma mwingine?”

Akamwonyesha mdogo wake. “Muulize huyu alivyorudishwa.”

Binti akaweka kalamu chini. Alisema kama mambo ndivyo yalivyo, basi alikuwa mwajiriwa, na aliyetakiwa kukata kodi hiyo na kuipeleka ni mwajiri. Lakini bosi amepinga, na shauri litasikilizwa Alhamisi ijayo. Bosi akishinda, deni litamfuata mjane mpaka ndani ya nyumba.

Marehemu hakuifikia Alhamisi hiyo. Alifariki tarehe 3 Juni, alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake.

Juzi msimamizi wa karakana alikuja msibani. “Mama, bosi anawapa pole. Jeneza na gari ni juu yake. Ila kwenye wasifu andikeni mkandarasi, siyo mfanyakazi.”

Mjane aliinamisha kichwa, maana jeneza lilikuwa bado halijapatikana. Dada mkubwa wa marehemu akajibu, “Mwanangu, mimi niliishia darasa la nne, lakini mkandarasi hagongewi kengele. Kunywa chai, uende salama.”

Jeneza hili mnaloliona limeundwa na kushonwa ndani na mafundi wenzake, baada ya saa za kazi. Kutoa ushahidi wanaogopa, wana watoto, hatuwalaumu. Mkono wao umeshasema.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, dada wawili na mdogo wake wa mwisho. Mdogo wake huyo ndiye atakayesimama Alhamisi mahali pa kaka yake. Safari hii amepokelewa. Jina lake limeshaandikwa kwa afisa.

Ndugu yetu alikuwa mfanyakazi. Apumzike kwa amani, mahali pasipo na kengele ya mtu.